Fildi yangu kwenye chama cha msingi cha korosho

Kila ifikapo Mei na Juni, wanafunzi wa vyuo vyetu huanza kuzunguka mjini na bahasha. Ndani yake kuna barua ya utambulisho yenye mhuri wa chuo, inayoomba taasisi impokee mwanafunzi kwa mafunzo kwa vitendo. Wenyewe tunaita fildi. Na karibu kila bahasha inaelekea sehemu zilezile: benki kubwa, mamlaka fulani, makao makuu ya wizara, shirika lenye jengo la vioo. Nayaandika haya kwa ajili ya anayeishika bahasha hiyo sasa hivi. Mimi mara ya kwanza niliipeleka kwenye jengo la aina hiyo, na mara ya pili nikaipeleka kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa korosho wa ngazi ya kijiji, Newala mkoani Mtwara. Sehemu kubwa ya ninachokitumia kazini hadi leo nilikitoa Newala.

Nilisoma uhasibu Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kuanzia mwaka 2016. Chuo kile kina umri mkubwa kuliko jina lake la sasa. Kilianza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014, na ushirika wenyewe pale Kilimanjaro una mizizi mirefu zaidi, maana KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kiliundwa mwaka 1933. Mwanafunzi anapita kila siku katikati ya historia hiyo, halafu likizo ndefu ikifika anapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta fildi mahali ambapo hakuna anayeshughulika na mkulima.

Nami nilifanya hivyo 2017. Nilipokelewa vizuri, nikapewa meza, nikatambulishwa kwa kila mtu. Kazi yangu ikawa kupanga hati za malipo kwa tarehe, kuzitoboa, kuziweka kwenye majalada na kutoa nakala. Mfumo wa malipo ulihitaji nywila, na nywila haipewi mwanafunzi, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Sisemi nilitoka mtupu. Niliona kwa macho yangu jinsi hati moja inavyopita kwa anayeiandaa, anayeikagua na anayeiidhinisha, na kwa nini mtu mmoja hapaswi kufanya yote matatu. Lakini nikichelewa kufika, hakuna kilichochelewa. Nikiwahi kuondoka, hakuna kilichobaki. Supavaiza aliyenisainia kitabu cha fildi alikuwa mtu mwema ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kunihitaji, na kwangu hapo ndipo lilipo tatizo la fildi nyingi za mjini. Ofisi imeshajaa watu. Mwanafunzi anaongezwa kama kiti.

Niliporudi chuoni nilikuwa na ripoti nzuri na maswali machache sana ya kumuuliza mhadhiri. Hilo lilinikera.

Mwaka wa pili nikaanza kujitolea Jumamosi kwenye kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopeshana, cha akina mama wanaouza nafaka na mboga katika soko la Mbuyuni, Moshi. Mama aliyenipangisha chumba alikuwa mwanachama, na walikuwa wanatafuta mtu wa kuwasaidia kuandika. Hakuna barua, hakuna mhuri wa chuo, hakuna alama. Nilipewa chai na maandazi, na nauli pale ilipokuwepo.

Ningependa kila mwanafunzi wa uhasibu akae kwenye mkutano mmoja wa kikundi kama kile. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake wanakaa nazo wanawake watatu tofauti, wala hakuna kati yao anayelala na sanduku. Kabla halijafunguliwa, mwenyekiti anauliza, "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Wanajibu kwa pamoja. Kisha linafunguliwa, wahesabuji wawili wanahesabu mbele ya wote, na jibu linapaswa kuwa lilelile. Wengine hawakuwa wamepita darasa la nne, ila hakuna aliyekuwa tayari kusahau kiasi kile, kwa sababu ndicho kinga yao. Darasani tulikuwa tumefundishwa udhibiti wa ndani kwa vichwa vya habari na michoro. Mbuyuni niliukuta ukipumua.

Kazi yangu ilikuwa kugonga mihuri ya hisa kwenye vijitabu, kuandika mikopo na marejesho, na kusoma kwa sauti. Hilo la kusoma kwa sauti ndilo lililonibadilisha. Kila nilichoandika nilitakiwa kukisoma papo hapo: jina, hisa ngapi, mkopo uliobaki kiasi gani, mfuko wa jamii umelipwa au bado. Mwanzoni nilisoma kama ninavyosoma notisi, haraka haraka. Katibu wao, mama mmoja muuza dagaa, akanisimamisha. "Mwanangu, soma kama unamwambia Mama fulani hela yake iko wapi. Ukisoma hivyo atakukatiza ukikosea. Ukisoma kama redio atanyamaza." Tangu siku ile nimejua kwamba hesabu ambayo mwenye hela hawezi kuisikia na kuipinga bado haijakamilika, hata kama imelingana.

Ilipofika fildi ya pili, 2018, niliamua sitatafuta jengo. Shangazi yangu ameolewa Newala, ana mikorosho yake, na nyumba yake ilinipa malazi bure. Nataja malazi kwa makusudi. Wenye mkopo hupata fedha ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo. Mimi sikuwa na mkopo, na mwanafunzi asiye na mkopo anachagua fildi kwa kuangalia kwanza atalala wapi na atakula nini. Sioni aibu yoyote katika hilo. Fildi njema iliyo karibu na ndugu anayekupenda ni bora kuliko fildi ya fahari inayokulaza njaa Sinza.

Nilifika Julai. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na pale mjini ukisogea ukingoni, Shimo la Mungu, unaona bonde la Ruvuma lote hadi upande wa Msumbiji. Maji ni ya kununua kwa dumu, kwa hiyo adabu ya kwanza niliyofundishwa na shangazi ilikuwa ya kuoga kwa maji kidogo. Adabu ya pili nilifundishwa na katibu wa chama. Nilimwamkia, nikampa barua, akaisoma hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Unajua kuandika jina la mtu?" Nikadhani sikumsikia vizuri.

Nitaeleza jinsi korosho inavyotembea, la sivyo swali lake halitaeleweka. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za kusini zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima analeta korosho kwenye chama cha msingi, zinaangaliwa ubora, zinapimwa, anapewa stakabadhi yenye kilo zake. Chama kinazikusanya kwenye magunia na kuzisafirisha hadi ghala kuu, zinapimwa tena, na mwendesha ghala anatoa stakabadhi yake. Chama kikuu, ambacho kwa Tandahimba na Newala ni TANECU, kinaziingiza mnadani. Wanunuzi siku zile walileta bei zao kwa maandishi ndani ya sanduku, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima, na wakulima ndio waliosema ndiyo au hapana. Mnunuzi akilipa, fedha inashuka kupitia chama kikuu hadi chama cha msingi, makato yanatolewa, na kila mkulima anaingiziwa chake kwenye akaunti ya benki.

Na hapo mwisho ndipo palipokuwa na kidonda. Katibu alinifungulia jalada lililokuwa limevimba. Yalikuwa malipo yaliyorudi kutoka benki msimu uliopita. Chama kimemwandika mtu Mohamedi, benki inamjua Muhammad. Huku ni Hadija, kule ni Khadija. Mwingine kadi ya mpiga kura ina majina matatu, daftari la chama lina mawili, na akaunti ilifunguliwa kwa jina la utani ambalo kijiji kizima kinamjua nalo. Namba ya akaunti imeandikwa na tarakimu moja imeruka. Kila karatasi mle ilikuwa mtu aliyekuja ofisini na kurudi bila hela, akaja tena, na mara nyingine akaondoka akiamini katibu kamla. "Hawa ndio wanaonikosesha usingizi, mwanangu," aliniambia. "Bei ikishuka wanailaumu dunia. Hela ikirudi wananilaumu mimi."

Nilimwomba aniachie jalada lile. Yeye na karani mmoja walikuwa na pembejeo za kugawa, magunia ya kufuatilia, ghala la kufagia na kupiga dawa kabla ya msimu. Hapakuwa na mtu wa tatu. Nikachukua daftari kubwa la kaunta, nikalipigia mistari: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina kama lilivyo kwenye kadi ya benki, namba ya akaunti, simu, kitongoji, na safu moja ya mwisho kwa jina ambalo watu wanamwita. Kisha nikaanza kutembea kitongoji kwa kitongoji na mjumbe wa bodi, tukikaa vibarazani.

Ile sauti ya Mbuyuni ilinisaidia hapa. Nilimsomea kila mtu alivyoandikwa, tarakimu kwa tarakimu, na kumwomba aangalie kadi yake au amwite mtoto anayesoma aangalie. Wazee wengi waliniambia ni mara ya kwanza kusikia wameandikwaje kwenye chama chao. Bibi mmoja aligundua kwamba akaunti iliyoandikwa kwake ilikuwa ya marehemu mumewe. Alikuwa analeta korosho kila msimu na hela inaingia mahali asipoweza kuigusa. Tulikaa naye muda mrefu. Hakulia, hakufoka, aliuliza tu aanzie wapi, na katibu mwenyewe alimpeleka benki akafungue ya kwake. Nilikuwa nimefaulu somo la usuluhisho wa hesabu za benki kwa alama nzuri sana. Pale kibarazani ndipo nilipoona somo lile lilibuniwa kwa ajili ya nani.

Kazi nyingine nilizifanya pia: stoo, hati za malipo, kumbukumbu za kikao cha bodi. Sitazirefusha.

Mwisho wa Septemba muda wa fildi ulikuwa umekwisha, supavaiza wa chuo ameshakuja na kunipa alama, na wenzangu wanarudi makwao. Korosho ndiyo kwanza zinaanza kuingia. Nikaomba kubaki kwa kujitolea hadi chuo kifunguliwe, na huu ndio ushauri ninaoutoa kwa nguvu zaidi: ukipata mahali pazuri, usiondoke siku barua yako inapokwisha. Fildi imepangwa kwa kalenda ya chuo, lakini kazi ina kalenda yake. Mwanafunzi wa kilimo anaondoka kabla ya mavuno, wa uhasibu anaondoka kabla ya kufunga hesabu, wa ualimu anaondoka kabla ya mitihani. Anaondoka na nusu ya kazi akidhani ameiona yote.

Kwenye mizani nilimwona katibu akiwa mtu mwingine. Mkulima akimwaga korosho, katibu hasogei kwenye mizani kwanza, anasikiliza. Korosho kavu ikimwagwa inalia kama kokoto; mbichi inaanguka kimya. Anachota gao moja, anaitikisa, anapasua chache, anaangalia kama kokwa imejaa. Kisha ndipo anasema daraja. Korosho yenye maji anairudisha ikaanikwe, hata kama mwenye nayo ni jirani yake, hata kama amekuja nayo kwa bodaboda kutoka mbali. Sababu yake ni unyaufu. Gunia likipimwa chamani lina kilo 80, likifika ghala kuu limepungua, na zile kilo zilizopotea njiani lazima zitoke mfukoni mwa mtu. Ukimpokelea mmoja korosho yenye maji kwa huruma, unawakata wengine wote waliokausha zao. Nilimwona akitukanwa kwa ajili hiyo na kujibu kwa upole uleule, "Kaanike siku mbili, baba, mizani haihami." Uadilifu wa mhasibu umeandikwa kwenye kila kitabu tulichosoma chuoni. Mimi kila nikilisikia neno lile namwona yeye, na vumbi la korosho kwenye shati.

Msimu huo wa 2018 hautasahaulika kusini. Mwaka uliotangulia bei ilifika 4,000 kwa kilo, na watu walikuwa wameshajenga nyumba kichwani. Minada ilipofunguliwa mwezi Oktoba, bei zilizotoka sandukuni zilikuwa chini ya 3,000, na wakulima wakakataa kuuza. Kuna wanaosema mkulima hajui soko. Nilikaa kati yao wakati bei zinasomwa, na niliwasikia wakipiga hesabu ya salfa ya kupulizia mikorosho, ya palizi, ya vibarua wa kuokota na ya makato, papo hapo, bila kalamu. Walijua kilo moja imewagharimu kiasi gani. Mnamo Novemba serikali ikatangaza kuzinunua zote kwa shilingi 3,300, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na malipo yakatanguliwa na uhakiki wa wakulima kwa sababu ya hofu ya kangomba, yaani walanguzi walionunua kwa wakulima kwa bei ya kutupa kabla ya msimu na kuziingiza kama zao.

Mimi nilikuwa nimeshafika Moshi, naingia mwaka wa tatu. Katibu akawa ananipigia jioni kuuliza kuhusu daftari: safu hii ulimaanisha nini, huyu wa kitongoji fulani mbona ana namba mbili. Halikumaliza foleni ya uhakiki, maana ile ilikuwa kubwa kuliko chama kimoja. Ila mtu alipohakikiwa, jina lake na akaunti yake vilikuwa vinalingana, na kwa chama kile hilo lilikuwa jambo jipya.

Nimetaja kujitolea kwa sifa, na sina budi kusema upande wa pili. Ziko ofisi zinazoishi kwa wanaojitolea. Nina rafiki aliyemaliza chuo akaambiwa ajitolee huku akisubiri nafasi. Akafanya kazi ya mtu aliyestaafu, saa zote za kazi, bila hata nauli, mwaka ukapita, na nafasi ilipotangazwa akaomba kama mtu baki. Hiyo mimi siiiti kujitolea. Mtu anayejitolea anajua anafanya nini, hadi lini, na atatoka na nini mkononi. Kabla ya kuanza muulize mkuu wa ofisi mambo hayo waziwazi, kwa heshima, na uombe yaandikwe hata kwa nusu ukurasa. Kwa wahitimu kuna mafunzo ya utarajali yanayoratibiwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ulizia huko kabla hujakubali ahadi ya mdomo. Asiye na pa kulala wala wa kumlisha asimwonee haya mtu kwa kusema hawezi kujitolea. Kazi ya bure ina gharama, na mara nyingi inalipwa na mama nyumbani.

Kuhusu pa kupeleka bahasha, mimi naangalia kitu kimoja kabla ya vyote: je, pana kazi ambayo isipofanywa kuna mtu ataumia, na mikono haitoshi? Zahanati ya kata, shule yenye walimu wachache, chama cha msingi, mamlaka ndogo ya maji, redio ya jamii, ofisi ya mtendaji. Huko hawatakupa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Watakupa daftari siku ya kwanza. Tena nenda mwenyewe kabla ya kupeleka barua, keti na watu nusu siku, uone nani anafanya nini. Wanafunzi wengi wanatuma barua kumi kwa majengo kumi ambayo hawajawahi kuingia, kisha wanashangaa wamepangiwa kutoa nakala.

Nilipoitwa kwenye usaili 2019, swali la tatu au la nne lilikuwa nieleze tatizo nililolikuta kazini na nililifanyia nini. Niliwaeleza jalada la malipo yaliyorudi. Mmoja wa wasaili akaacha kuandika, akaniuliza jinsi nilivyozipanga safu za lile daftari, na kwa nini niliweka safu ya jina la utani. Tulizungumza hilo karibu usaili wote. Jengo la vioo lilikuwemo kwenye wasifu wangu, juu kabisa, wala hakuna aliyeligusa.

Sasa niko kwenye ofisi ya uhasibu ya ushirika, na kila Julai naletewa wanafunzi wa fildi. Siwapi meza. Siku ya kwanza wanakwenda na karani kwenye vyama vya msingi, wanarudi jioni na orodha ya majina yasiyolingana, na kesho yake wanaanza nayo. Wapo wanaolalamika kwamba hawakuja chuo kutembea vijijini. Wapo wanaoniuliza, muda wao ukikaribia kwisha, kama wanaweza kubaki hadi mnada wa kwanza. Mwaka huu wamebaki wawili, na mmoja wao ameshaanza kunikatiza ninaposoma hesabu za kikao.